Doti Moja

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea wagonjwa?"

Kijana akatua mezani spika mbili, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Jua la alasiri lilikuwa limekwisha kupoa, na kibanda cha fundi, kilicho chini ya moja ya majumba marefu ya Michenzani, Unguja, kilikuwa kimeanza kupata kivuli. Spika zenyewe zilipendeza: maboksi ya plaiwudi yaliyopigwa msasa hadi yakang'aa, wufa mpya za inchi sita na nusu, twita mpya. Kijana alizitengeneza kwa mikono yake.

"Haziumwi," alisema. "Ukiipiga moja peke yake, utasema ndiyo hii. Ukipiga ya pili, nayo ndiyo hii. Lakini nikizipiga pamoja mwimbaji hakai katikati. Kaegemea kushoto, kama mtu kakaa baraza ya jirani. Na akipandisha sauti, anahama."

Fundi hakugusa bisibisi. Aliuliza, "Wufa hizi ulizinunua siku moja?"

"Moja niliinunua Mlandege, mwezi wa Ramadhani. Ya pili nikangoja nipate pesa, nikaipata Darajani. Lakini aina ni ile ile, baba. Namba ile ile nyuma ya sumaku."

Fundi akashika ncha ya kanga. "Na hii, mama yako aliinunua kipande Mlandege na kipande Darajani?"

Kijana akacheka. "Kanga huuzwa doti, baba."

"Basi."

Sura hii ni maelezo ya hilo "basi". Katika sura zilizopita tumejifunza kukata mbao, kuziba boksi na kupanga krosova. Mtu akifuata yote hayo atapata spika nzuri. Akifuata mara mbili atapata spika mbili nzuri, na bado anaweza kukosa jozi. Maana kila spika duniani ina makosa yake: huvimba hapa, hunywea pale, huchelewa kidogo mahali fulani. Sikio ni jepesi la kusamehe kosa likiwa sawa kulia na kushoto. Baada ya dakika tano hulisahau. Lisichosamehe ni upande mmoja kusema hivi na mwingine kusema vile. Kwa hiyo anayetengeneza jozi hatafuti wufa mbili bora. Anatafuta wufa mbili zinazokosea kwa namna moja.

Mwimbaji asiyekuwapo

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wanamuziki wake kurekodi santuri za HMV. Ukisikiliza santuri zile leo, sauti yake, fidla, udi na ngoma vyote vinatoka mahali pamoja, kwa sababu vyote vilipita katika mfereji mmoja uliochongwa kwenye sahani. Santuri ya namna hiyo spika moja inaitosha. Ukiongeza ya pili, umeongeza ukubwa wa sauti tu.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 1931, mhandisi wa London aliyeitwa Alan Blumlein aliwasilisha ombi la hataza lililobadilisha mambo. Alikuwa akifanya kazi EMI, kampuni iliyozaliwa mwaka huo huo kwa kuunganisha wenye chapa ya HMV na mpinzani wao Columbia. Husimuliwa kwamba alikerwa na sinema: mwigizaji anatembea upande mmoja wa pazia, sauti yake inatoka upande mwingine. Kero hiyo angeielewa yeyote aliyewahi kukaa viti vya mbele vya sinema ya Majestic pale Vuga. Blumlein akafikiria njia ya kuchonga sauti mbili katika mfereji mmoja wa santuri, ya kushoto kwenye ukuta mmoja wa mfereji na ya kulia kwenye ukuta wa pili. Hakuishi kuona matunda yake. Alikufa Juni 1942 katika ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada, akiwa na miaka 38, na santuri za stirio zilienea madukani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Stirio ni hila, na hila yenyewe ni hii. Spika mbili zikitoa sauti ile ile, kwa nguvu ile ile, kwa wakati ule ule, ubongo haukubali kwamba kuna watu wawili wanaoimba wimbo mmoja kwa pumzi moja. Unahukumu kwamba mwimbaji ni mmoja na yuko katikati, mahali ambapo hapana spika. Upande mmoja ukizidi kwa desibeli moja tu, mwimbaji anasogea kidogo. Ukizidi kwa desibeli 15 hivi, anahamia moja kwa moja kwenye spika iliyozidi. Wakati nao una kauli yake: sauti ya upande mmoja ikitangulia kwa elfu moja ya sekunde, yaani kama sentimita 34 za mwendo wa sauti hewani, sikio huifuata iliyotangulia.

Sasa fikiria wufa mbili ambazo hazitofautiani kwa kiasi kimoja katika sauti zote. Kwenye sauti nzito ya kushoto inazidi, kwenye sauti ya kati ya kulia inazidi, mbele kidogo zinalingana, kisha zinapishana tena. Mwimbaji akishuka anavutwa kushoto, akipanda anavutwa kulia. Swichi ya balansi ya amplifaya haisaidii kitu, kwa kuwa inainua au kushusha upande mzima. Hicho ndicho alichokisikia kijana wetu aliposema "anahama".

Pacha wa kiwandani

Spika ya koili na koni tunayoitumia leo ni ile ile kimsingi iliyoelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric huko Marekani mwaka 1925. Koili nyembamba ya shaba inaning'inia ndani ya pengo la sumaku. Umeme ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, nayo imegundishwa kwenye koni. Koni imeshikwa mahali pawili: nje kwa ukingo wa raba, sponji au kitambaa, na ndani kwa kitambaa chenye mikunjo ambacho mafundi hukiita spaida.

Katika vitu hivyo, kipi kinaweza kutoka sawa kila mara? Koni ya karatasi hutengenezwa kwa rojo la nyuzi za mti. Rojo likiwa zito kidogo, koni inaongezeka uzito. Gundi tone moja zaidi ni uzito tena. Spaida hulowekwa katika utomvu ili iwe ngumu, na ugumu wake hutofautiana fungu kwa fungu. Sumaku moja huchajiwa ikashiba, nyingine ikabaki pungufu. Ndiyo maana katika wufa za kawaida, masafa ya asili ya koni, yaani pale inapopenda kutikisika yenyewe, kupishana kwa asilimia 10 hadi 15 hakuhesabiwi kuwa kasoro.

Hayo ni ya kiwanda kimoja na fungu moja. Kuna na la pili, ambalo ndilo lililomfika kijana: kiwanda hubadilisha koili au spaida bila kubadilisha namba iliyobandikwa nyuma. Kuna na la tatu, la huku kwetu: wufa iliyoungua ikasukwa koili upya, ikasafishwa, ikarudi dukani. Msukaji hodari huifanya iimbe vizuri, lakini waya wake na mizunguko yake si ya mwenzake.

Mezani

Vipimo vya kuoanisha wufa havihitaji maabara. Vinahitaji mita, betri ya tochi, rezista moja, simu yenye programu ya kutoa toni, na subira.

Macho na vidole hutangulia. Linganisha ukingo, kofia ya katikati, kina cha koni, rangi ya spaida ukichungulia kwa nyuma. Weka vidole pande mbili za koni, ibonyeze taratibu na kwa usawa, kisha sikiliza. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku. Iweke kando, hiyo si ya kupimwa.

Kisha mita. Gusisha ncha zake mbili pamoja usome ukinzani wa nyaya zenyewe, halafu utoe kiasi hicho katika kila kipimo. Wufa iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 husoma 3 na kitu. Usishangae, maandishi ni ya umeme wa muziki na mita inapima umeme wa betri. Unachokitazama ni tofauti baina ya wufa na wufa. Ikipita asilimia 5, shuku kwamba koili si ndugu. Ila pima zote kivulini, zikiwa zimekaa pamoja angalau saa moja. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii ya joto. Wufa iliyokuwa juani kando ya barabara, ikazidi mwenzake digrii kumi, itasomeka tofauti kwa asilimia 4 na haina kosa lolote.

Betri ya volti 1.5 inakuja ya tatu. Gusisha chanya kwenye alama nyekundu ya wufa, kwa kufumba na kufumbua tu. Koni iruke mbele. Ikiruka nyuma, alama zimegeuzwa, na usidhani ni bandia: wufa za zamani za JBL ziliwekewa alama kinyume na desturi ya wengine. Ukifunga moja inayosukuma na moja inayovuta, besi itatoweka na mwimbaji atatawanyika chumba kizima. Watu wamebadilisha amplifaya kwa kosa hilo la waya mmoja.

Kabla ya kipimo cha nne, zipigishe wufa mpya kwa saa kadhaa, sauti nzito ya wastani, ili spaida zilegee. Wufa iliyofanya kazi mwezi mzima ukiilinganisha na iliyotoka kwenye kasha leo, unapima umri.

Kipimo chenyewe ni cha masafa ya asili. Unganisha simu kwenye amplifaya, pitisha umeme kwenye rezista ya omu 1,000, kisha kwenye wufa iliyo nje ya boksi, na uweke mita ya AC kwenye ncha za wufa. Pandisha toni taratibu kutoka hezi 20. Namba ya mita itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Hezi ya kilele ndiyo jawabu. Iandike kwa penseli juu ya sumaku. Tahadhari moja: mita nyingi za bei nafuu, zile ndogo za manjano, upande wa AC zina volti 200 na 750 pekee. Hapa unasoma milivolti. Azima mita inayoziona.

Mwisho, nguvu ya sauti. Tengeneza boksi moja la majaribio. Weka wufa ya kwanza, simu nyingine ikirekodi kutoka sentimita kumi mbele ya koni, upige ile kelele inayovuma kama mvua juu ya bati, usome kiwango. Toa, weka ya pili, bila kugusa sauti, bila kusogeza simu wala boksi, kwa upande ule ule wa amplifaya. Maikrofoni ya simu haiaminiki ukiiuliza desibeli ngapi. Ukiiuliza ipi imezidi ipi na kwa kiasi gani, inajibu vizuri, mradi umezima ule urekebishaji wa sauti unaojifanya wenyewe.

La kusamehe na lisilosameheka

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanapata namba, wanaziogopa zote sawasawa, wanarudisha dukani wufa nzuri na kubaki na mbaya.

Deni letu ni kwa kazi iliyofanyika Australia. Mwaka 1961 Neville Thiele alionyesha namna ya kulihesabu boksi na wufa kama kitu kimoja; mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, akaikamilisha hesabu hiyo. Kwa hesabu yao, ulaini wa vishikio vya koni hupimwa kwa lita: ni hewa kiasi gani yenye ulaini sawa na wa spaida na ukingo.

Tuchukue mfano. Wufa ya kwanza ina masafa ya asili ya hezi 40 na ulaini wa lita 40. Ya pili ni ile ile kwa uzito na kwa sumaku, ila vishikio vyake ni vigumu zaidi kwa asilimia 20. Ukiipima mezani inasoma karibu hezi 44, na ulaini wake ni lita 33. Tofauti ya karibu asilimia 10, moyo unashtuka. Sasa ziweke kila moja ndani ya boksi la lita 20 lililozibwa kabisa. Ya kwanza inapanda hadi hezi 69. Ya pili inapanda hadi 71 na nusu. Tofauti imebaki asilimia 3 tu, na sikio halitaiona. Sababu ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi ngumu kuliko spaida zote mbili. Ikishika usukani, ubishi wa spaida hausikiki. Tofauti ya ugumu wa vishikio, basi, isamehe.

Uzito wa koni na nguvu za sumaku ni habari nyingine. Koni nzito zaidi au sumaku iliyopoa hupunguza sauti katika eneo lote la kati, mahali sauti ya binadamu inapokaa, wala hakuna boksi la kuficha hilo. Wufa mbili zikipishana desibeli moja kwenye kipimo cha mwisho, tafuta nyingine. Zikipishana nusu, shukuru Mungu.

Twita ni kali zaidi. Kati ya hezi 2,000 na 5,000 sikio la mtu lina ukali wake wote, na ndipo herufi za maneno zinapotofautishwa. Bahati nzuri twita ndiyo rahisi kusawazisha: ile yenye nguvu zaidi iongezee rezista mpaka ishuke kwa mwenzake. Siku zote punguza mwenye nguvu. Dhaifu ukimlazimisha ataungua.

Na usisahau krosova. Kapasita zile za elektroliti zinaruhusiwa kupishana hata asilimia 20 na maandishi yake, na joto huzizeesha. Ukihangaika kuoanisha twita halafu ukafunga kapasita inayosoma 4.2 upande mmoja na 5.1 upande mwingine, umeuza kwa mkono wa kushoto ulichonunua kwa mkono wa kulia. Nunua sita, zipime, chukua mbili zinazokaribiana.

Mchagua jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye wufa methali hiyo iache mlangoni. Fundi ni mchaguaji.

Ukiwa na wufa mbili, jozi inayowezekana ni moja, uipende usiipende. Ukiwa na sita, jozi zinazowezekana ni 15. Kwa hiyo vijana watatu wa mtaa mmoja wanaotaka kutengeneza spika wafanye kama akina mama wanavyofanya na mchezo wa upatu: waweke pesa pamoja, wanunue wufa nane kutoka kasha moja siku moja, wazipime zote, wazipange kwa nguvu ya sauti kisha kwa masafa ya asili. Kila mmoja anapata mbili zilizokaa jirani kwenye orodha, na mbili zinazobaki zinakuwa akiba ya wote. Bei kwa kila mtu inazidi kidogo. Anachopata hakiuzwi dukani.

Wenye viwanda hufanya hivyo hivyo kwa kiwango chao. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo na vyumba vidogo, ilitumia wufa na twita za KEF, kiwanda cha Kent kilichoanzishwa na Raymond Cooke mwaka 1961. Mtangazaji aliye kazini hawezi kufanya kazi na mwimbaji anayetangatanga, na kwa hiyo spika zile zilipimwa na kuuzwa kwa jozi, na hadi leo anayezinunua mkononi mwa mtu huangalia kwanza kama namba zake zinafuatana.

Ukijenga spika zenye wufa mbili kila upande, una wufa nne na hila ya ziada. Tuseme nguvu zake ni 86, 87, 87 na 88. Usiweke dhaifu peke yao na kali peke yao. Weka 86 na 88 upande mmoja, 87 mbili upande wa pili: jumla zinakaribiana, na pande zinapatana ingawa wenyewe hawafanani.

Hayo yote mpiga kanuni anayajua bila mita. Kanuni, ala iliyofika Unguja kutoka Misri enzi za Sultan Barghash na kuwa uti wa mgongo wa taarabu, ina nyuzi tatu kwa kila noti. Kabla ya onyesho utamwona mpigaji ameinama na ufunguo wake mdogo. Hatafuti uzi ulio mzuri kuliko wenzake. Anasikiliza ule mtetemo wa kupishana baina ya nyuzi, anakaza nywele moja, analegeza nywele moja, mpaka tatu zinasahaulika kuwa tatu.

Masika

Jozi iliyopatana Januari, kaskazi ikivuma, itapatana Aprili? Swali hili vitabu vya nchi kavu havina haja nalo.

Kisiwani hewa ina maji na chumvi mwaka mzima, na masika inazidisha. Koni ya karatasi hunywa unyevu na kuongezeka uzito. Koni ya plastiki hainywi. Ukingo wa sponji unaliwa na unyevu na joto mpaka unamomonyoka kama mkate mkavu. Wa raba hudumu zaidi. Kwa hiyo ukioanisha karatasi na plastiki kwa sababu namba zao zililingana siku ya kupima, umefunga ndoa ya msimu mmoja. Wufa za fungu moja zitanywa pamoja, zitakauka pamoja, zitazeeka pamoja, na jozi itabaki jozi hata namba zikihama zote mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, ukingo wa upande mmoja ukichanika, badilisha wa pande zote mbili. Ule mzima usiuonee huruma.

Chumba nacho ni shahidi. Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Majumba ya Michenzani, yaliyochorwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ni zege kila upande. Spika moja ikikaa pembeni mwa kona ya zege na nyingine kando ya dirisha lililo wazi, besi ya kwanza inavimba na ya pili inatoka kwenda kuwasalimu wapita njia. Tofauti hiyo inaweza kuzidi kosa lolote la kiwanda. Kabla ya kulaumu wufa, zibadilishe nafasi: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Mwimbaji akibaki pale pale alipoegemea, kosa ni la chumba au la amplifaya. Akihama pamoja na spika, kosa ni la spika.

Ukimya

Fundi alianza na hilo. Alizibadilisha nafasi spika za kijana, na mwimbaji akahama nazo. Akafungua skrubu, akatoa wufa, akachukua mita. Ya Mlandege ilisoma omu 5.6. Ya Darajani ilisoma 6.3. Kijana akainama mezani kana kwamba namba zingebadilika akizitazama kwa karibu.

"Namba ile ile nyuma," alisema.

"Jina ni lile lile. Mama zao mbalimbali."

Chini ya meza kulikuwa na kasha la wufa za aina hiyo, kila moja na maandishi ya penseli kwenye sumaku. Fundi alisoma tatu, akairudisha ya kwanza, akairudisha ya pili, ya tatu akaibakiza. Omu 5.6. Hezi moja tu pembeni ya ile ya Mlandege. Waliipigisha jioni ile hadi adhana ya magharibi, na tena baada ya sala, ndipo wakaifunga kwenye boksi.

Bado kulikuwa na jaribio moja. Fundi aliziweka spika zikitazamana uso kwa uso, vidole vinne baina yao. Akageuza waya za moja, chanya mahali pa hasi. Akaweka amplifaya kwenye mono, ili zote mbili zipate sauti ile ile, akapiga wimbo kwa sauti ya chini. Sasa kila spika moja ikisukuma hewa, ya pili inaivuta kwa kiasi hicho hicho. Zikiwa tofauti, tofauti yao ndiyo inayobaki na kusikika. Zikiwa sawa, hazibakizi kitu. Sauti nyembamba za juu hazifutiki zote kwa njia hii, kwa kuwa upana wa kidole unatosha kuzipishanisha. Sikiliza besi na sauti ya kiume.

Kijana alisogeza sikio. Ngoma haikuwapo. Besi haikuwapo. Kulikuwa na mchakacho mwembamba tu, kama redio ya jirani nyuma ya mlango uliofungwa.

"Zimekufa?" aliuliza.

"Zimekubaliana," fundi alisema. Akarudisha waya mahali pake, akaondoa mono, akaziweka ukutani, hatua mbili na nusu baina yao, akamkalisha kijana kwenye kigoda mbele ya katikati. Akapiga wimbo ule ule.

Kijana alinyamaza ubeti mzima. Kisha akainua kidole kuelekea ukutani, baina ya spika, kumwonyesha fundi pale mwimbaji aliposimama. Palikuwa na kalenda ya mwaka jana, na msumari.